Somo kwa Wahitimu wa Teknolojia: Mwaka wa Kwanza Baada ya Chuo

Umehitimu masomo ya kompyuta lakini barua zako za maombi hazijibiwi? Kumbuka kuwa mkopo wa HELB huanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo. Utumie mwaka huo vizuri.

1. Tengeneza kitu kinachotumika. Mwajiri hutaka kuona kazi, si alama pekee. Hapo Kuze wapo wauza duka wanaoandika madeni ya wateja kwenye daftari. Mtengenezee mmoja wao programu ndogo ya kuweka hesabu hizo. Aitumie mwezi mzima, nawe urekebishe kila anapokwama. Katika wasifukazi wako eleza tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini na nini kilibadilika.

2. Omba mafunzo kazini. Fuatilia matangazo ya Mpango wa Rais wa Vipaji vya Dijitali, ulio chini ya Mamlaka ya TEHAMA, na ya Tume ya Utumishi wa Umma.

3. Juana na wenzako. Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, ni mwendo wa miguu tu kutoka Kuze. Vijana wa teknolojia na sanaa hukutana hapo.

4. Usinunue kazi. Anayekudai pesa ili akuajiri ni tapeli. Aidha, kwa marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022, vyeti kama vya HELB na KRA huombwa mwajiri anapokusudia kukupa mkataba. Usivigharamie mapema.