Baba, usimwachie barabara imfundishe mwanao

Ndugu mfanyakazi, hauwezi kushuka shimoni bila kofia, taa na maagizo ya usalama. Lakini mtoto wako wa kiume mwenye miaka 14, nani amempa maagizo juu ya mwili wake? Binti ana mama na mashangazi. Kijana tunamwachia barabara imfundishe.

Mwili wa mvulana huanza kubadilika kati ya miaka 9 na 14. Sauti inakuwa nzito, nywele zinaota, na usiku mbegu zinaweza kutoka usingizini. Hiyo si ugonjwa wala uchawi. Mwambie mapema, asiogope.

Kijana mwenye haya huficha maumivu. Angalieni hatari tatu:

1. Kisonono (sopisi). Kukojoa kunachoma, usaha unatoka, mara nyingi siku 2 hadi 5 baada ya kulala na mwenye ugonjwa. Kijana hununua vidonge viwili vitatu sokoni. Maumivu yanapungua, ugonjwa unabaki, naye anaambukiza wengine.

2. Kaswende. Kidonda chake mara nyingi hakiumi, tena hupona chenyewe baada ya wiki chache. Musidanganyike! Ugonjwa umebaki mwilini, na baada ya miaka unaweza kuharibu moyo na ubongo.

3. Kende kujipinda. Hii haitokani na uasherati. Kende moja linauma sana kwa ghafula, pengine na kutapika, kwa sababu njia ya damu imefungwa. Musingoje asubuhi, musikande kwa maji ya moto. Mbio hospitalini! Akipasuliwa kabla ya masaa 6 kupita, mara nyingi kende linaokoka. Akichelewa, linaweza kufa.

Basi, wazazi, fanyeni hivi:

– Zungumza na kijana mukiwa wawili tu, bila kumcheka.
– Akisema anaumwa, usianze na «Ulikuwa na nani?» Kwanza munganga, maswali baadaye.
– Akitaka kusema na munganga peke yake, ungoje nje.
– Mweleze kwamba kungoja ni vizuri, na kwamba kondomu (kapote) inakinga mimba, ukimwi na magonjwa mengine mengi ya zinaa.
– Mama, kama baba yuko kazini usiku, usimngojee. Mpeleke wewe.

Na wewe kijana unayesoma ukurasa huu: munganga ameona mengi, hatakushangaa. Haya ya dakika moja mbele yake ni kitu kidogo kuliko ugonjwa wa miaka.