Jeshi Likisema "Hiyo ni Siri": Nyaraka Katika Kesi za Fidia Marekani

Je, aliyeumizwa na jeshi la Marekani anaweza kudai fidia mahakamani?

Raia anaweza, kwa sheria ya mwaka 1946 inayoruhusu serikali kushtakiwa kwa uzembe wa watumishi wake, ilimradi madhara hayakutokea nje ya nchi wala vitani. Mwanajeshi aliyeumia kwa sababu ya utumishi wake alifungiwa mlango huo na Mahakama ya Juu mwaka 1950.

Nikishafungua kesi, nitaoneshwa jalada lote?

La, na wajane watatu walilipia jibu hilo. Tarehe 6 Oktoba 1948 ndege ya B-29 iliyokuwa ikijaribu vifaa vya siri ilianguka karibu na Waycross, Georgia, ikaua watu tisa. Waume zao, raia, walikuwamo. Wajane wakaomba ripoti ya ajali; Jeshi la Anga likakataa, likisema usalama wa taifa utahatarishwa. Jaji aliitaka aisome peke yake, akanyimwa, akawapa wajane ushindi. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu, kwa kura sita dhidi ya tatu, ikatengua hukumu hiyo bila kuifungua ripoti. Wajane wakakubali kulipwa pungufu.

Mwaka 2000 binti wa mmoja wa marehemu aliipata ripoti ile, ikiwa imeshaondolewa usiri. Ndani yake mlikuwa na injini iliyoshika moto na vikinga joto vilivyoagizwa vifungwe lakini havikufungwa. Familia zilirudi mahakamani, zikashindwa tena mwaka 2005. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma: kilichositiriwa zaidi ni uzembe.

Basi niombe nini?

Ajali kubwa ya ndege za jeshi kwa kawaida huchunguzwa mara mbili. Uchunguzi wa usalama huwaahidi mashahidi usiri ili waseme yote bila kuogopa adhabu, na maelezo yao hayatolewi; mwaka 1984 Mahakama ya Juu ilisema hata sheria ya uhuru wa habari haiyafikii. Uchunguzi wa pili ni wa kisheria, na ripoti yake hutolewa. Omba hiyo. Omba pia matokeo ya mafundi waliokagua mabaki, kwa kuwa mahakama ya rufaa ilishaamua mwaka 1963 kwamba hayo hayalindwi.

Na hospitali ya jeshi?

Faili lako la matibabu ni haki yako. Kumbukumbu za kamati za ubora, wanamojadili kosa lilivyotokea, zinalindwa na sheria.

Wakidai siri ya taifa, nimekwisha?

Bado. Hukumu ileile ya 1953 inataka dai hilo litolewe rasmi na mkuu wa wizara husika, baada ya kuzitafakari nyaraka yeye mwenyewe. Wakili aulize kama hilo limefanyika. Kisha amwombe jaji azisome faraghani kabla ya kukubali neno la mdaiwa.