Kwa Nini Ndege Hafi Juu ya Waya wa Umeme?



Ndugu zangu, mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si fizikia. Lakini swali hili lilinisumbua kila nilipotoka msikitini hapa Nkoma: ndege hutua juu ya waya mtupu wa umeme wakaondoka salama, na mtu aliyesimama chini akiugusa waya huohuo anaweza kufa. Nilimwuliza ninayekaa naye chumba kimoja, anayesomea ualimu wa fizikia. Akaniambia, "Sheikh, usiulize volti ngapi tu. Uliza volti ngapi kati ya wapi na wapi."

Tuanze na maji. Kule Jinja, bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na sasa huitwa Nalubaale, huyaweka maji ya Nile juu upande mmoja na chini upande wa pili. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo inayozungusha mitambo. Maji yakilingana pande zote, hayaendi popote, hata yawe mengi vipi.

Chaji za umeme nazo zina "kimo" chao, kiitwacho potensheli. Tofauti ya potensheli kati ya nukta mbili ni kazi inayofanyika kuhamisha kulombi moja ya chaji kutoka nukta moja hadi nyingine:

V = W ÷ Q

Betri ya tochi ya volti 1.5 hutoa jouli 1.5 kwa kila kulombi. Soketi ya volti 240 hutoa jouli 240. Ardhi tunaihesabu sifuri, kama tunavyopima Mlima Elgon kuanzia usawa wa bahari.

Miguu yote miwili ya ndege iko kwenye waya mmoja, kwa hiyo tofauti kati yake ni karibu sifuri. Mtu, mkono wake uko kwenye volti 240 na miguu yake kwenye sifuri. Mkondo hupita mwilini mwake.

Waya ukianguka, usiukaribie hata kama huugusi. Potensheli ya ardhi hupungua kadiri unavyokwenda mbali nao, hivyo hatua moja ndefu huweka tofauti kati ya miguu yako. Ukijikuta karibu, ondoka kwa kuburuza nyayo, miguu ikiwa pamoja, kisha wazuie wengine.

Imamu Ghazali alitaja kulinda nafsi miongoni mwa malengo matano ya sharia. Somo hili ni sehemu ya kulinda huko.

Zoezi: Kulombi 3 zikipita kwenye pasi ya volti 240, hutoa jouli ngapi? (Jibu: 720.)

Wallahu a'lam.