Muuguzi Yuko Peke Yake. Ufanyeje?

Hebu fikiria: unakojoa kwa maumivu, umekwenda zahanati. Foleni ndefu, muuguzi mmoja tu! Ndiye anayepima wajawazito, kuchoma sindano na kugawa dawa. Unakata tamaa, unanunua vidonge viwili dukani. Maumivu yanapungua. Je, umepona? Hapana! Kisonono kisichotibiwa vizuri kinaweza kuleta ugumba, kwa msichana hata mvulana.

Upungufu huo si wa kijijini kwenu tu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaja nchi 57 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, Tanzania ikiwemo.

Kwa hiyo dakika zako kwa muuguzi ni chache. Zitumie hivi:

1. Wahi asubuhi.
2. Sema shida yenyewe, usizunguke na "kichwa kinauma". Watu wakisikia, omba mzungumze faragha.
3. Akiwa mkali, usikimbie. Huenda amechoka tu.
4. Uliza dawa inamezwaje, umalize dozi yote. Mpenzi wako naye atibiwe, la sivyo mtaambukizana tena.

Jadilianeni darasani: ni nini huwafanya vijana waondoke kwenye foleni kabla ya kutibiwa?