Jina la Kizungu, Ukoo wa Kisauni: Namna ya Kulifuata

Kwanza weka kando kamusi za majina ya Waingereza. Zitakwambia ukoo wa Wainwright ulianza na mafundi wa magari ya kukokotwa, na kwa Waingereza ni kweli. Lakini Jacob Wainwright, aliyesindikiza maiti ya David Livingstone hadi London mwaka 1874, alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani akasomeshwa Nasik, India. Mwenzake Matthew Wellington, aliyefia Mombasa mwaka 1935, kwao aliitwa Chengwimbe. Kwa koo za Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru huko Kisauni, Mombasa, unachotafuta ni ubatizo, na jina lililoachwa siku hiyo.

Anza na wazee, na usikawie. Ukiuliza "jina letu lilitoka wapi?" utajibiwa "kwa Wazungu", yaishe. Uliza madogomadogo: babu alibatizwa wapi, nyumbani waliomzidi umri walimwitaje, walizikwa wapi, na nyanya akiomba au akikasirika alitumia lugha gani. Hilo la lugha lishike sana. Neno moja la Kiyao au Kimakua lililosalia jikoni linaweza kukuonyesha njia ambayo jina la Kizungu limeifunika.

Halafu jua wenu waliingia kwa mlango gani, maana hapa ndipo wengi hupotea. Waliopitia India, wale walioitwa Wabombay, mara nyingi walishabatizwa huko. Usitarajie kuuona ubatizo wao Kisauni. Waliookolewa utumwani na kushushwa na manowari za Waingereza baada ya Frere Town kuanzishwa mwaka 1875, ulizia kanisa la Emmanuel. Na wenye kumbukumbu za misheni ya Rabai huenda hawakutoka manowarini kabisa: watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika misheni walikombolewa kwa fedha mwanzoni mwa 1889.

Kabla ya kwenda kanisani mwandikie kasisi, umtajie majina na miaka ya kukadiria. Barua za wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana lililoanzisha Frere Town, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, nao huulizwa kwa barua pepe. Kisome pia Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, mwana wa Frere Town, kilichotoka 1934.

Wamisionari waliandika majina ya Kiafrika kwa kusikia tu, kila mmoja na tahajia yake. Ukipata jina usilolijua, usilipite. Lirudishe kwa wazee, ulitamke polepole kwa namna mbili tatu, uwaache walisahihishe wao.