SOMO LA UFUNDI: KUCHAGUA VIUNGANISHI VYA NYAYA KATIKA VIFAA VYA CHAMA

Kwa makatibu, makarani wa mizani na wanachama wote

Utangulizi

Ushirika wa pamba katika nchi ya Usukuma ulizaliwa kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walijikusanya, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, kwa sababu walichoshwa na kupunjwa uzito mbele ya wanunuzi. Moja ya hatua zao za kwanza ilikuwa kuweka watu wao wenyewe wa kuhakiki uzito wa pamba. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mizani ya haki ndiyo msingi wa nyumba hii.

Siku hizi vituo vingi vya kununulia vina mizani ya elektroniki, betri, paneli za umeme wa jua, taa na simu, na vijana wa shule hujijengea redio kwa vipande vya vifaa vilivyokufa. Vifaa hivi vyote vina jambo moja la pamoja: nyaya zake hukutana mahali fulani, na mahali hapo huitwa kiunganishi, au konekta kama mafundi wasemavyo. Wanaojijengea mitambo ya redio kwa mapenzi yao, kote ulimwenguni, wanafahamu kwamba hitilafu nyingi hazianzi ndani ya mtambo bali kwenye kiungo. Somo hili laeleza jinsi ya kuchagua kiungo hicho.

Na ichukuliwe kwamba mkulima mzee ameleta pamba yake kituoni mwezi Juni. Mizani yasoma kilo 62. Karani asogeza waya ulio nyuma, nayo yasoma kilo 60. Mzee auliza: “Mwanangu, ya kweli ni ile ya kwanza au hii ya pili?” Karani hana jibu. Hapana aliyekusudia kuiba, lakini walio katika mstari wamesikia, na kabla ya jua kutua habari itakuwa imefika kijiji cha pili.

1. Kiungo kibaya huzaa joto

Umeme unapopita mahali palipobana vizuri haupati kizuizi kikubwa. Panapokuwa na kutu, vumbi au ulegevu, kizuizi huongezeka, na kizuizi huzaa joto. Kanuni yake ni nyepesi: zidisha mkondo kwa mkondo wenyewe, kisha zidisha kwa kizuizi, jawabu ni wati za joto.

Mfano. Kiungo kilicholegea kina kizuizi cha sehemu moja ya kumi ya omu. Taa ndogo ikivuta ampea 1, joto ni sehemu moja ya kumi ya wati, na hapana atakayelitambua. Lakini redio ya wati 100 inaposema huvuta ampea zipatazo 20 kutoka betri ya volti 12. Hapo 20 mara 20 ni 400, na sehemu ya kumi yake ni wati 40. Joto hilo latosha kuendesha pasi ya kulehemu. Aidha, volti 2 zapotea pale pale kwenye kiungo, na redio hukatakata sauti.

Wati 40 katika kiungo kidogo kama ncha ya kidole, ndani ya ghala lenye nyuzi za pamba, ni moto unaosubiri siku yake. Kwa hiyo swali la kwanza katika kununua kiunganishi ni hili: kifaa kitavuta ampea ngapi? Kiunganishi kiwe na uwezo unaozidi kiasi hicho, angalau mara moja na nusu. Nayo fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, si mwisho wa waya. Kazi yake ni kuulinda waya wenyewe.

2. Kiungo kibaya hudanganya vipimo

Si kila kiungo huharibika kwa joto. Ndani ya mizani ya elektroniki kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno chini ya mzigo, na upindaji huo hugeuzwa kuwa umeme. Katika mizani nyingi, kila volti 1 inayoingia katika kipande hicho hutoa milivolti 2 mzigo unapojaa. Volti 5 zikiingia, mizani ya kilo 200 iliyojaa hutoa milivolti 10 tu. Maana yake ni kwamba kilo moja ya pamba ni sawa na sehemu 50 katika sehemu milioni moja za volti.

Umeme mdogo namna hiyo huvurugwa na kutu isiyoonekana kwa macho. Ndiyo sababu waya wa kipimo hauna budi kufungwa kwa kiunganishi chenye skrubu au pete ya kukaza, kisichotikisika. Usisukwe kwa mkono wala kufungwa utepe.

Yafaa ieleweke hata hivyo kwamba chama hakina ruhusa ya kufungua mizani iliyotiwa lakiri na Wakala wa Vipimo. Karani anaweza kufuta vumbi na kukaza kiungo cha nje. Yaliyo ndani ni ya fundi anayetambuliwa na Wakala, na mizani iliyofunguliwa haitumiki mpaka ikaguliwe upya.

3. Dhahabu na bati

Wakazi wa Geita na Kahama wameyajua machimbo ya dhahabu tangu zamani, lakini ni wachache wanaojua kwamba madini hayo yamo pia ndani ya redio na simu zao. Katika kupitisha umeme, fedha ni ya kwanza, shaba ya pili, na dhahabu ya tatu. Hata hivyo pini bora hupakwa dhahabu, kwa kuwa haishiki kutu. Rangi hiyo ni nyembamba sana. Kwa kawaida haifiki unene wa elfu moja ya milimita.

Viunganishi vya bei nafuu hupakwa bati. Bati si baya likibanwa kwa nguvu na kuachwa bila kuguswa. Udhaifu wake huonekana panapokuwa na mtikisiko, kama vile kwenye pikipiki au karibu na mashine. Msuguano huzaa unga mweusi unaozuia umeme.

Kanuni ni hizi mbili. Kwanza, waya wa kipimo na sauti wenye umeme mdogo upewe dhahabu; waya wa betri wenye mkondo mkubwa upewe bati au fedha iliyobana. Pili, dhahabu ikutane na dhahabu, na bati likutane na bati. Kuchanganya kwa nia ya kubana matumizi ni kupoteza faida ya dhahabu na kuharakisha kuharibika kwa bati.

4. Safu za pini

Vijana wanaojenga redio au vipima-joto vya ghala hutumia safu za pini zinazosimama juu ya bao la saketi. Safu ya kawaida ina nafasi ya milimita 2.54 kati ya pini na pini, yaani sehemu moja ya kumi ya inchi. Nyingine zina milimita 2.5 au 2. Mnunuzi asiseme kwamba 2.54 na 2.5 ni kitu kimoja. Kwa pini 3 tofauti haionekani. Kwa pini 20 zenye nafasi 19, tofauti yafika milimita 0.76, na pini za mwisho haziingii. Zikilazimishwa, hupinda.

Safu hizi ni za mikondo midogo; pini moja isitwishwe zaidi ya ampea 1 pasipo maelezo ya mtengenezaji. Aidha, viunganishi vingi vya ndani ya kifaa vimetengenezwa kuchomekwa na kuchomolewa mara makumi tu katika maisha yake. Mlango wa kuchajia simu wa aina ya micro-USB ulikusudiwa kustahimili mara 10,000. Kwa hiyo kiungo kinachofunguliwa kila asubuhi kituoni kisiwe cha namna ile inayofaa kufungwa mara moja na kuachwa ndani ya sanduku.

5. Dume na jike, chanya na hasi

Upande wenye pini huitwa dume, wenye matundu huitwa jike. Upande unaotoka kwenye betri uwe jike sikuzote, maana pini zilizo wazi zenye umeme zikigusa chuma hutoa cheche. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mgusano mmoja. Nayo inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Cheche moja karibu nayo yaweza kumpofusha mtu.

Kiunganishi kizuri hakikubali kugeuzwa. Kikikubali, ipo siku kitageuzwa, hasa usiku na hasa na mtu mgeni, na kifaa kilichopewa hasi mahali pa chanya huungua mara moja. Rangi nyekundu na nyeusi husaidia, lakini umbo lisilogeuka husaidia zaidi.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni hii: plagi ya pini tatu ya ukutani isitumiwe kamwe kwa taa au redio ya volti 12. Mtu aliyefanya hivyo anajua siri yake, mwenzake hajui. Mwenzake ataichomeka ukutani penye volti 230, na kitakachoungua kinaweza kuwa kifaa, ghala, au mtu. Vilevile ziko plagi za mviringo zenye tundu la milimita 2.1 na nyingine la 2.5, zote zikiwa na unene wa nje wa 5.5. Ya 2.5 huingia kwenye pini ya 2.1 lakini hulegea. Wengi hulaumu betri, kumbe kosa ni plagi.

Viungo vya paneli za jua visichomolewe wakati umeme unapita. Kivulishwe kifaa mzigo kwanza kwa kuzima swichi.

6. Kufunga waya

Waya wenye nyuzi nyingi usipakwe risasi ya kulehemu kabla ya kukazwa kwa skrubu. Risasi ni laini. Hukubali kubanwa leo, na baada ya miezi huwa imetambaa na kuacha nafasi. Ni bora nyuzi zivalishwe kikofia cha shaba na kubanwa kwa koleo lake. Na waya uliolehemiwa ufungwe kishikizo nyuma ya kiungo, kwa sababu hukatika pale unapoishia ugumu.

Upande wa erieli ya redio, viunganishi vinavyotumika zaidi ni BNC, ambacho hufungwa kwa kuzungusha kidogo, na PL-259, chenye pete ya kukaza kwa nyuzi. Hiki cha pili hakizuii maji. Kikiwa nje, kizungushiwe utepe wa mpira kabla ya mvua. Ikumbukwe kwamba kurusha matangazo kwahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na redio ya ridhaa hairuhusiwi kutumika katika biashara. Kuuza pamba kwa njia hiyo ni kosa.

7. Vyama vikubaliane

Katika Marekani, wapenda redio wanaosaidia wakati wa maafa walikutana na tatizo: kila mmoja alikuja na betri yake na plagi yake, na hakuna kilichoingiliana. Wengi wakakubaliana kutumia kiunganishi kimoja kiitwacho Powerpole. Hicho hakina dume wala jike. Kila nusu ni sawa na mwenzake. Vipande vya ampea 15, 30 na 45 huingiliana vyote, na mpangilio wa nyekundu na nyeusi ni mmoja. Mgeni akifika, betri yake hufanya kazi katika redio ya asiyemjua.

Jambo hilo ni ushirika kwa jina lingine. Betri ya chama kimoja ikifa katikati ya ununuzi, chama jirani kina betri. Lakini plagi zikitofautiana, betri hiyo ni mzigo tu juu ya baiskeli. Si lazima kiwe Powerpole. Chaweza kuwa kingine chochote chenye uwezo wa kutosha, kisichogeuka, na kinachopatikana tena madukani. Lililo lazima ni kukubaliana.

8. Kazi ya katibu

Kabla ya msimu, katibu aandike katika daftari la mali kila kifaa, ampea zake, aina ya kiunganishi, na tarehe kilipokaguliwa. Anunue viunganishi vya akiba vya aina ile ile. Wiki ya kwanza ya kazi, baada ya vifaa kutumika nusu saa, azime umeme kisha aguse kila kiungo kwa mgongo wa mkono. Kilicho cha moto kimekwisha kusema.

Maswali ya kikundi cha mafunzo

1. Kiungo chenye kizuizi cha omu 0.05 kinapitisha ampea 10. Joto lake ni wati ngapi?
2. Kwa nini upande wa betri huwa jike?
3. Je, kituoni penu ipo plagi ya ukutani iliyofungwa kwenye kifaa cha volti 12? Ni nani atakayeiondoa, na lini?
4. Betri ya chama chenu inaweza kuwasha mizani ya chama jirani? Kama haiwezi, ni jambo gani liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao?
5. Yule mkulima mzee angejibiwa nini na karani, na ni kazi ipi ingefanywa kabla ya msimu ili asilazimike kuuliza?