Nzi wa ndizi na macho yetu

Watoto, mnawajua wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi? Mama huwafukuza kwa kitambaa. Juma hili tunawaalika darasani.

Nyuma ya jicho lako kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Ndani ya seli zake kuna protini, rodopsini, inayonasa mwanga hata ukiwa hafifu. Nzi naye anayo. Jicho lake limejengwa kwa vijicho karibu 800 na halifanani na letu hata kidogo, lakini jeni inayoelekeza seli kutengeneza rodopsini ni ya ukoo mmoja na yetu. Wataalamu wameiita ninaE. Msicheke, si Kiswahili! Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza.

Sasa andika: «Baba amelala.» Badilisha herufi moja tu: «Bata amelala.» Jeni nayo huharibika hivyo. Rodopsini ya binadamu ni kama uzi wenye shanga 348. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waligundua kwamba katika baadhi ya familia, shanga ya 23 si ile inayotakiwa. Basi protini haikunjiki sawasawa, inakwama ndani ya seli, na seli hufa polepole kwa miaka mingi. Ugonjwa huo ni retinaitisi pigimentosa, na hii ni mojawapo tu ya jeni zinazousababisha.

Nzi wenye kasoro kwenye ninaE nao hupoteza seli za macho kadiri wanavyozeeka. Ila nzi hutoka yai hadi utu uzima kwa siku kama 10, na uzee wake ni wa wiki chache. Mtafiti anaona kwa mwezi mmoja jambo ambalo kwa mtu lingechukua nusu ya maisha.

Wazazi, hapa ni penu. Dalili ya kwanza huwa kutoona gizani. Mtoto anajikwaa kwenye ngazi jioni, anang'ang'ania mkono wako mkiingia sinema. Baadaye huanza kutoona vya pembeni. Nyumbani tunamwita mzembe, au mwoga, au tunasema ni kijicho cha watu. Tafadhali mpelekeni apimwe. Hapa Uingereza watoto wa chini ya miaka 16 hupimwa macho bure na NHS. Huenda ni upungufu wa vitamini A, ambao hutibika. Lakini kama ni jeni, karoti hata gunia zima haziirekebishi. Wala msichanganye na mtoto wa jicho, ambao ni ukungu kwenye lenzi na huondolewa kwa upasuaji. Kwa jeni moja nyingine ya retina, Marekani iliidhinisha tiba mwaka 2017, kwa hiyo kujua ni jeni ipi kuna faida.

Mzazi mwenye ile shanga iliyobadilika, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Kazi ya nyumbani: kaa na mtu mzima chumbani, zimeni taa, uhesabu dakika mpaka uanze kuona vivuli. Hapo rodopsini yako inajitengeneza upya. Kisha mpigie bibi simu, umwamkie, umuulize: katika ukoo wetu, nani alikuwa haoni usiku? Andika jibu lake kwa sentensi tano.